Gari la Russell Lisiguswe

Goole, 16 Februari 2003

Mdogo wangu Neville,

Natumaini mgongo umeacha kukutesa na kwamba wifi yangu Lorna hajambo. Huku baridi imekataa kuondoka. Mto umevimba, ukungu unapanda mpaka dirishani, na goti langu ni lile lile la siku zote. Clifford anakwenda bandarini, anarudi, anakula, anakaa mbele ya televisheni. Tukibahatika tunabadilishana maneno mawili matatu kabla ya kulala.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu kama watu wengine. Umeshaniuliza mara nyingi na jibu halijabadilika. Simu ya nyumba hii naiacha wazi. Russell akipiga akakuta laini ina mtu, itakuwaje? Atakata, na wewe unamjua mpwa wako, si mtu wa kujaribu mara ya pili. Na hizo simu za mkononi mnazonisifia, namba zake yeye hazijui. Anayoijua ni ya hapa. Kwa hiyo na wewe usinipigie, tafadhali. Niandikie.

Sasa sikiliza. Alhamisi nimetoka kuchukua maziwa mlangoni nikakuta kibandiko cha manjano kwenye kioo cha gari la Russell. Kinasema halmashauri inaamini gari hili limetelekezwa, halina stika halali ya kodi ya barabara, na lisipoondolewa litachukuliwa na kupondwa. Limetelekezwa! Gari ninaloliosha kila Jumamosi! Nalifuta vioo mpaka naona vizuri pakiti yake ya peremende pale kwenye dashibodi na ile skafu ya timu yake ya mpira kwenye kiti cha nyuma. Kweli stika yake iliisha mwaka jana mwezi wa Machi. Kweli tairi zimekwisha upepo. Lakini kutelekezwa ni neno la mtu asiye na mwenyewe.

Unakumbuka alivyoondoka. Ile jioni ya Oktoba, mwaka juzi, alisimama mlangoni na koti lake akaniambia, "Mama, nanyoosha miguu kidogo. Chai yangu usiimwage." Alikwenda kwa miguu. Gari aliliacha pale mbele ya nyumba, ufunguo akaondoka nao mfukoni. Polisi niliwaambia na wewe nakwambia tena: mtu asiyenuia kurudi angeuacha ufunguo mezani.

Aliyetuchongea namjua. Ni Bi Ibbotson wa nyumba ya pili. Tangu mumewe afariki kazi yake ni kusimama nyuma ya pazia, na gari limekaa karibu na dirisha lake. Banda lake la gari kule nyuma liko tupu miaka yote, hata ndoo hakuna, lakini kijigari cha mtoto wa mwenzake kinamkera.

Wewe huko Devon kazi yako ndiyo kubandika vibandiko hivi. Niambie kama mdogo wangu, si kama mtu wa halmashauri. Tufanye nini?

Dada yako,
Avril


Bideford, 23 Februari 2003

Dada Avril,

Shikamoo. Mgongo unaendelea, ahsante. Lorna anakusalimu, anasema goti ulipake ile dawa aliyokutumia badala ya kuiweka kabatini kama pambo. Mvua hapa haijakatika tangu Krismasi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeniomba nisikujibu kama mtu wa halmashauri, lakini msaada ninaoweza kukupa ni huo wa kihalmashauri.

Mambo huenda hivi. Halmashauri haina haja ya kumchukia mtu. Mtu anapiga simu, afisa anakuja kutazama. Tairi zina upepo? Nyasi zimeota chini? Stika kwenye kioo ni ya lini? Kisha anatafuta jina la mwenye gari na kumwandikia. Jina hilo ni la Russell, na anwani ni ya hapo kwako. Kwa hiyo, dada, itakuja bahasha yenye jina lake. Nakwambia mapema ili ikianguka mlangoni isikuangushe na wewe.

Asipojibu, lori linakuja. Hawaangalii kama linaoshwa. Gari lililosimama kwenye barabara ya umma bila stika linaondolewa, hata liwe linang'aa kama sahani.

Njia ni mbili. Ya kwanza, gari lipelekwe kukaguliwa, likifaulu likatiwe stika mpya. Kwa hilo inabidi liwake, na ili liwake unahitaji ufunguo. Fundi wa vitasa atakubadilishia kitasa cha mlango na cha usukani asubuhi moja tu. Muite. Njia ya pili ni kuliondoa barabarani kabisa, likae kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa ridhaa yake. Huko hakuna wa kulibandika kitu.

Bi Ibbotson usimlaumu sana. Watu hupiga simu kwa sababu nyingi, na si zote mbaya.

Kuna jambo jingine ningependa tuzungumze, ila halihusu magari, na sitaliandika kama hujaliuliza. Msalimie shemeji Clifford. Mtazame vizuri, dada. Mtazame tu.

Mdogo wako,
Neville


Goole, 12 Machi 2003

Mdogo wangu Neville,

Hatujambo. Dawa ya Lorna nimeipaka, inanuka kama duka la rangi, Clifford amehamia upande wa pili wa kochi.

Bahasha imekuja. Uliniambia nijitayarishe na nilijitayarisha, lakini nilipoona "Bwana Russell Thackray" limepigwa chapa pale juu, moyo haukusubiri kusoma imetoka wapi. Nilikaa kwenye ngazi nimeikumbatia kama mjinga. Sikuifungua. Ni barua yake, nimeiweka chumbani kwake juu ya mto.

Fundi wa vitasa simuiti. Usiniudhi kwa hilo. Akibadilisha kitasa, ule ufunguo alio nao Russell utafungua nini? Aje siku hiyo amechoka, labda mvua inanyesha, labda anaona haya kugonga mlango baada ya muda wote huu. Yule mtoto ana haya, unamjua. Atasema ngoja nikae kwanza kwenye gari langu nijikusanye. Achomeke ufunguo ukatae? Aone tumembadilishia kitasa? Sitaki hata kufikiria. Gari hili litafunguliwa na ufunguo wake, basi.

Afisa wa halmashauri alirudi. Ni binti mdogo, anaitwa Nasreen, ana kikohozi na viatu visivyofaa kwa hali hii ya hewa. Nilitoka na vazi langu la jikoni nikamwambia gari hili lina mwenyewe. Akasema, "Najua, mama. Jina lake tunalo, tumemwandikia."

Nikamwambia, "Mmemwandikia? Basi mmenizidi. Mimi mama yake anwani sina."

Alinitazama, akatazama ile pakiti ya peremende ndani, nadhani akaelewa. Nikamletea chai. Aliinywa pale pale kwenye baridi, akasema, "Mama, siwezi kuandika kwamba sikuliona. Ila likitoka barabarani, halinihusu tena." Ni yale yale uliyoniambia wewe.

Na furahi, maana tumelitoa! Jumapili, baada ya kula, wanaume wa mtaa mzima walikuja. Usukani umejifunga na breki ya mkono iko juu, haliburutiki, kwa hiyo wakaazima vitoroli vya gereji wakaliinua tairi moja moja. Kelele za "kushoto, kushoto, kushoto kwako wewe siyo kwangu" zilisikika mpaka kanisani. Clifford alisimama mlangoni mikono mfukoni, nikadhani hatakuja. Mwisho akaja, akaweka mabega nyuma akasukuma, na uso ameuinamisha.

Sasa limekaa kwenye kichochoro chetu cha nyuma, chini ya kamba za nguo, karibu na lango letu. Hapo ni kwetu. Hakuna wa kutugusa.

Bi Ibbotson simsemeshi. Alinipungia mkono akiwa dirishani, nikajifanya natazama mawingu.

Dada yako,
Avril


Bideford, 30 Machi 2003

Dada Avril,

Shikamoo, na unisamehe nikiruka salamu nyingine.

Kichochoro si chenu. Najua tumekua tukicheza humo, najua mama alikuwa anakifagia kila asubuhi na kuwafukuza watu kama ni sebule yake. Lakini kina lami, kina taa, na anayekitengeneza ni halmashauri. Kisheria ni barabara ya umma sawa na ile ya mbele. Nimeondoa magari mengi sana kwenye vichochoro vya namna hiyo, na kila mara kuna mtu aliyesimama kwenye lango lake akiniambia hapa ni kwetu.

Tafuta ardhi ya mtu. Usingoje. Lori likishafika, dereva hana ruhusa ya kusikiliza maelezo.

Kuhusu kitasa, nimekuelewa. Sitarudia tena.

Neville


Goole, 8 Aprili 2003

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika Ijumaa, na lori lilifika Jumatatu. Nilikuwa nimezunguka kwa mchungaji, kwa mwenye gereji, kwa yule binamu yake Clifford mwenye nyuki, wote wana huruma na hakuna mwenye nafasi. Acha nikuhadithie jinsi mambo yalivyokuwa, maana nimecheka, na ni muda mrefu sijacheka, na baada ya kucheka nikalia nikiwa nimesimama.

Unakumbuka Jumatatu za kwetu. Hakuna kilichobadilika. Kila nyumba inafua, na kichochoro kinazibwa na nguo ukuta kwa ukuta. Saa za asubuhi nasikia injini kubwa, natoka, naona lori la kuvuta magari limesimama mdomoni mwa kichochoro, dereva amekwama. Mbele yake, kuanzia nyumba ya kona mpaka lango langu, ni mashuka. Neville, mashuka! Bi Ibbotson alikuwa ametundika mashuka, mapazia, vitambaa vya meza, taulo, mpaka ile suti ya marehemu mumewe. Vingine vilikuwa vikavu kabisa. Hakuvifua, alivitoa kabatini akavitundika.

Dereva akamwomba atoe nguo apite.

"Leo ni Jumatatu," akasema Bi Ibbotson, vibanio vya nguo mdomoni.

"Najua ni Jumatatu, mama."

"Basi unajua. Zikikauka utapita."

"Zitakauka saa ngapi?"

Bi Ibbotson akatazama ukungu, akafikiri. "Kwa hali hii? Labda Jumatano."

Wanawake wengine wakatoka. Hakuna aliyepiga kelele, kila mmoja alianza tu kutundika. Nasreen alikuwepo, amesimama pembeni ya lori na makaratasi yake. Aliandika kitu, akakohoa, akamwambia dereva kwamba njia imezibwa na watarudi kesho asubuhi. Alisema neno kesho kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akinitazama mimi.

Lori lilipoondoka Bi Ibbotson alikuja langoni kwangu. Mimi niliyemtazamia mawingu mwezi mzima sikujua niweke wapi macho yangu. Akanipa ufunguo wa banda lake. "Liko tupu tangu mume wangu George aondoke," akasema. "Sikupenda liwe na gari la mtu mwingine. Lakini la Russell si la mtu mwingine." Wanaume waliporudi kutoka kazini wakaleta vitoroli tena. Sasa gari liko ndani ya banda, kwenye ardhi yake, mlango umefungwa.

Kabla hajaondoka alinishika mkono. "Avril, mimi sikupiga ile simu. Mimi ningekugongea mlango."

Na ninamwamini. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Tangu Februari uliniandikia nisimlaumu. Ulijuaje?

Dada yako,
Avril


Bideford, 22 Juni 2003

Dada Avril,

Shikamoo. Ni aibu yangu kwamba majira yamegeuka kabla sijakujibu. Lorna amepanda maharage, konokono wameyala, amepanda tena. Nilikuwa naanza barua na kuiacha.

Nimeomba kuhamishiwa idara ya taka na wamekubali. Ofisini wamecheka, eti Neville amechoka na vyuma anataka maganda ya ndizi. Sikuwaeleza. Zamani nilikuwa nabandika kibandiko na kwenda zangu. Tangu mpwa wangu aondoke siwezi kulibandika gari kabla sijachungulia ndani. Mwezi wa Aprili nilichungulia moja nikaona kofia ya mtu na mkate uliofungwa vizuri kwenye karatasi, na nikasimama pale mpaka mwenzangu akanipigia honi. Kila gari lililotelekezwa lina mtu aliyekusudia kurudi jioni ile. Hili nililijua kichwani kwa miaka mingi na halikunisumbua.

Nafurahi kuhusu banda. Mpe Bi Ibbotson salamu zangu na umwambie halmashauri yoyote ingemwogopa.

Kuhusu ulichouliza. Mtu mmoja alinipigia simu kutoka kazini kwake, akaniambia kwamba amefanya jambo na hajui atakaaje nalo. Alikuwa analia, na mimi sijawahi kumsikia akilia tangu nimfahamu. Sitaliandika jina lake. Mnakula naye meza moja, dada. Muulize wakati ambao huna hasira.

Mdogo wako,
Neville


Goole, 10 Agosti 2003

Mdogo wangu Neville,

Joto limetushukia, watu wa hapa wanatembea wekundu kama kamba waliochemshwa. Goti limefurahi.

Jana ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Russell. Niliokwa na joto jikoni kumpikia nyama ya kondoo na mchuzi wa mnanaa anaoupenda, nikaandaa sahani yake. Clifford aliitazama ile sahani, akaweka uma chini.

"Ni mimi niliyepiga simu, Av," akasema.

Nilikuwa najua. Nilijua tangu ulipoandika nimtazame vizuri, ila kujua ni kitu kimoja na kuambiwa ni kingine. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali kwa muda mrefu. Nikamuuliza tu kwa nini.

Akaniambia, "Kila asubuhi natoka bado giza. Taa ya barabara inapiga kwenye kile kioo, na naona mtu amekaa ndani. Kila asubuhi. Mkono wangu unashika mlango, halafu hamna mtu. Nilishindwa, Av. Nilitaka liondoke nisilione tena."

Neville, yale maneno makali yaliniishia. Nikamwambia mimi pia namwona, nikiwa naosha vioo. Ndiyo maana sitaki liondoke.

Tulikaa hapo, nyama ikapoa. Miaka karibu miwili tunaona kitu kimoja, yeye anakikimbia na mimi nakikimbilia, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Alilia na kichwa chake kwenye goti langu bovu na sikumwambia kwamba linauma.

Asubuhi tulikwenda pamoja bandani. Bi Ibbotson ameweka zulia kuukuu chini ya tairi lisipate unyevu. Clifford alipitisha kidole kwenye kitasa cha mlango. Akasema kweli, heri hatukukigusa, siku akija akute kila kitu chake kinafanya kazi. Alisema "akija". Nilimsikia.

Ulisema kuna jambo lisilohusu magari ambalo hutaliandika mpaka nikuulize. Sikuulizi.

Dada yako,
Avril


Bideford, 19 Oktoba 2003

Dada Avril,

Shikamoo. Clifford amenipigia kutoka bandarini mchana huu. Alisema wale wanaochimba tope la mto karibu na lango la gati wamesimamisha mashine, na polisi wako hapo. Kisha akasema ngoja, na akakata. Nimempigia tena na tena pale kazini kwake, hakuna anayepokea.

Kwako sikupiga. Nimeushika mkono wa simu na nikaurudisha, kwa sababu uliniomba. Nimelipa hii barua iende kwa haraka. Niandikie hata neno moja. Au uniambie nipande treni, nami nitapanda.

Neville


Goole, 2 Novemba 2003

Mdogo wangu Neville,

Msalimie Lorna. Sisi tupo. Bi Ibbotson anatupikia, anaacha sufuria mlangoni na kuondoka kabla hatujafungua.

Unisamehe kwa kukuweka roho juu. Nilitaka kwanza niwe na uhakika, na mkono wangu haukuweza kuandika kitu ambacho macho hayajaona.

Walikuta koti kwenye tope, na mtu ndani yake. Mto ulikuwa umemficha pale pale, mwendo mfupi kutoka nyumbani, muda huu wote ambao mimi nilikuwa namtafuta London na Uskochi na kila mahali penye treni. Huenda aliteleza. Huenda hakuteleza. Polisi wanasema hilo tope halisemi, na mimi sitalilazimisha.

Alikuja afisa mmoja wa kike, mtu mzima, mpole. Alikunywa chai yake yote, na hapo nikajua ni habari mbaya, maana wenye haraka huiacha. Akatoa mfuko mdogo wa nailoni akauweka mezani. Ndani kulikuwa na ufunguo. Akasema uchunguzi wa maabara utachukua muda, lakini ufunguo ungeweza kuwaambia mapema, kama tu gari lingekuwepo. Aliuliza akiwa ameshakata tamaa. Alisema, "Najua ni muda mrefu, Bi Thackray. Wengi wanakuwa wameshaliondoa, au wamebadilisha vitasa."

Clifford akanitazama. Nikamwambia yule mama, "Lipo. Vitasa ni vile vile."

Tulipita kichochoroni. Ilikuwa Jumatatu. Wanawake walikuwa wanatundika nguo, na walipotuona na yule afisa, hakuna aliyeuliza. Walianza kushusha mashuka moja moja ili tupite. Bi Ibbotson alifungua banda, akasimama nje.

Niliomba niushike mwenyewe. Wakanipa glavu wakaniruhusu. Neville, unajua nilivyopigana. Nimemkataa fundi, nimekataa ushauri wako, nimelihamisha gari kwa mabega ya watu, yote ili siku moja ufunguo huu uje uingie kwenye kitasa hiki. Na pale nimesimama, nikamwomba Mungu usiingie. Niliomba uwe ufunguo wa gari la mtu mwingine. Niliomba mama mwingine, kwenye mtaa mwingine, awe ndiye mwenye ufunguo ule. Mungu anisamehe kwa hilo, lakini niliomba.

Uliingia. Ukazunguka bila kukwama, kana kwamba amelifunga jana.

Mlango ulipofunguka, harufu yake ikatoka. Peremende, na ile sigara aliyodhani siijui, na yeye mwenyewe. Ilikuwa imefungiwa humo tangu siku aliposhuka. Clifford alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Mimi niliufunga mlango haraka, isiishe yote. Yule afisa aligeuka akatazama ukuta.

Ile chai yake sikuimwaga, unajua. Niliificha kwenye kikombe nyuma ya kabati mpaka ikakauka, nikawa nakiruka nikisafisha. Leo nimekiosha.

Mazishi ni Ijumaa ijayo, panda treni. Yale mambo ya gari tutayaangalia baadaye. Nasreen amenitumia kadi, kasema siku tukiwa tayari atakuja yeye mwenyewe na dereva asiye na haraka. Clifford anataka tupige simu hiyo pamoja, wote wawili tumesimama. Nimemwambia si sasa. Nimemwambia siku harufu itakapoisha.

Na lile jambo la Russell ambalo hukuliandika, sasa unaweza kuliandika, au uliache. Nilijua unalijua. Ahsante kwa kutolitamka kabla yangu.

Sina zaidi, ila hili. Jioni nimekaa kwenye ngazi karibu na simu, kama kawaida, kisha nikakumbuka kwamba hakuna ninayemwachia laini. Nyumba iko kimya mno, mdogo wangu. Nipigie. Nipigie wakati wowote, na tuongee mpaka tuchoke.

Dada yako,
Avril